Ganjuran: Kiwanda Kimekufa, Kanisa Limebaki

Huenda wengi wenu hamjapata kusikia jina la Ganjuran. Ni kijiji cha wakulima katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, ng'ambo ya bahari ya Hindi. Mtu akitoka katika mji wa Yogyakarta na kushika njia ya kusini, anakifikia baada ya kilomita 17 hivi. Pande zote ni mashamba ya mpunga, na maji yanapita katika mifereji toka shamba hadi shamba. Wenyeji wengi ni Waislamu. Wakristu ni kundi dogo. Hata hivyo kila mwaka mahujaji wengi wanafika Ganjuran kusali mbele ya Moyo Mtakatifu wa Yezu.

Zamani kijiji hiki kilijulikana kwa jambo lingine, ndilo sukari. Palikuwa na kiwanda kikubwa, na mabwana wa kiwanda ndio waliojenga kanisa. Leo kiwanda hakipo tena, na mabwana wamekwenda zao. Kanisa limebaki, na watu wamebaki nalo. Mara nyingi kazi ya tajiri hufa pamoja na mali yake. Mbona hii haikufa? Tufuate habari zenyewe, maana zina fundisho kwetu.

Miwa katika shamba la mpunga

Kiwanda kiliitwa Gondang Lipuro, nacho kilianza katika miaka ya 1860. Siku zile Waholanzi walitawala Java, ingawa Yogyakarta ilikuwa na Sultani wake. Ardhi ilihesabiwa kuwa mali ya Sultani. Yeye aliwagawia wakubwa wa jumba lake, na ardhi ikakodishwa kwa wenye viwanda. Mkulima aliyeilima tangu babu zake hakuulizwa neno. Shamba lake lilipandwa mpunga, kisha miwa, kwa zamu. Na miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja. Tena mkulima yule alidaiwa kazi ya mikono. Mnamo mwaka 1918 sheria hizo zilianza kubadilishwa, lakini miwa haikuondoka.

Tuseme kweli: sukari ile ilikuwa tamu mezani kwa wengine, na chungu kwake aliyeilima. Msomaji wa Uvira aliyepata kuona mashamba ya miwa ya Kiliba anajua ni jasho la namna gani linalomwagika chini ya jua kabla kikombe kimoja cha chai hakijatiwa sukari.

Mwaka 1912 ndugu wawili walishika usimamizi wa kiwanda: Josef na Julius Schmutzer, Waholanzi na Wakatoliki. Hao walikuwa wanafunzi wa barua ya Papa Leo XIII, «Rerum Novarum», iliyotolewa mwaka 1891. Papa alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kutumiwa na kutupwa. Ni mtu, na mshahara wake uwe wa haki. Wengi waliisoma barua hiyo wakaisifu, kisha wakaiweka kabatini. Ndugu hawa wawili walijaribu kuiingiza kiwandani.

Sehemu ya faida waliitumia kwa faida ya watu wa pale. Mwaka 1919 walifungua shule ya wavulana, na mwaka 1920 shule ya wasichana. Baadaye shule za vijijini zikafika 12. Caroline, mke wa Julius, alijua kazi ya kuuguza, naye akaanza kuwapa wagonjwa dawa. Kazi yake ndogo ikawa hospitali ya Mtakatifu Elisabeti hapo Ganjuran. Hata mjini msaada wao ulifika. Mwaka 1929 hospitali kubwa ilifunguliwa Yogyakarta, ikawekwa mikononi mwa masista wa Mtakatifu Karolo Boromeo. Ingali inafanya kazi hata leo, nayo inaitwa Panti Rapih.

Hatuandiki haya kwa kuwafanya mabwana wale watakatifu. Walikaa juu ya kiti kilichotengenezwa na utawala wa kigeni, na ardhi waliyoitumia haikuombwa kwa mkulima. Wema wa mtu haufuti kosa la mpango mzima. Lakini mtu aliyezaliwa ndani ya mpango mbaya aweza bado kuchagua: kula peke yake, ama kugawa. Wao walichagua kugawa.

Kristu katika mavazi ya Java

Mwaka 1924 kanisa lilijengwa na kubarikiwa. Altare yake na sanamu zake zilichongwa kwa namna ya Kijava. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1927, walianza kujenga kando ya kanisa nyumba ndogo ya mawe meusi ya volkano, kwa heshima ya Moyo Mtakatifu. Wajava huita jengo la namna hii «candi». Mfano wake ulitoka katika majengo ya kale ya Prambanan, yaliyojengwa na wafalme wa Java zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Askofu van Velsen wa Batavia aliibariki mwezi wa pili, mwaka 1930.

Ukipanda ngazi na kuchungulia ndani, unamwona Yezu ameketi, amevaa taji na mavazi ya mfalme wa Java, akiuonyesha Moyo wake. Bikira Maria naye alichongwa kama malkia wa Kijava, amempakata Mwana wake. Fundi aliyechonga aliitwa Iko, naye alikuwa Mwislamu.

Kwa nini kujisumbua hivi, wakati sanamu za plasta zingeweza kuletwa kutoka Ulaya kwa meli? Josef Schmutzer alikuwa na sababu. Mwaka 1929 yeye na wenzake walitoa kitabu kwa Kifaransa ambacho jina lake ni swali: Uulaya au Ukatoliki? Ndiyo kusema: tunapomhubiria mtu, tunampa Kristu, ama tunampa desturi zetu na kuziita Kristu? Swali hilo ni kama mkuki. Linamchoma mwenye kuhubiri wa kila taifa, hata sisi makatekista, tunaopenda nyakati nyingine kuonekana wasomi kuliko kueleweka.

Moto wa mwaka 1948

Mwaka 1934 akina Schmutzer walirudi Uholanzi. Mwaka ule ule Padri van Driessche, Myezuiti aliyewalea Wakristu wa kwanza wa Ganjuran, alifariki. Wakristu wenyeji walikuwa wamekwisha kupita elfu moja. Aliyepokea kazi alikuwa Mjava, Padri Albertus Soegijapranata. Mwaka 1940 Papa alimchagua awe Askofu wa Semarang, Mwindonesia wa kwanza kupata daraja hiyo. Basi mchungaji wa wakulima wa miwa akawa mchungaji wa jimbo zima.

Kisha zikaja siku za taabu. Wajapani waliingia mwaka 1942. Tarehe 17 Agosti 1945 Indonesia ilitangaza uhuru wake, na tangu mwanzo wa mwaka 1946 Yogyakarta ikawa mji mkuu wa jamhuri. Waholanzi hawakukubali. Katika Desemba 1948 waliushambulia mji na kuuteka. Katika vita vile viwanda vingi vya sukari viliharibiwa, na Gondang Lipuro kikateketezwa. Kanisa, candi na hospitali vilisalimika.

Ndugu, tufikiri kidogo. Kiwanda na kanisa vilitoka katika mkono mmoja. Kimoja kikawa majivu, cha pili kikasimama. Mimi naona hivi: kiwanda kilikuwa cha mabwana mpaka mwisho, lakini kanisa lilikuwa limekwisha kuwa la wenyeji. Yezu mwenye taji ya Kijava hakuwa mgeni wa kufukuzwa pamoja na Waholanzi.

Mji unakuja

Baada ya vita mji ulianza kukua. Chuo kikuu cha Gadjah Mada kilianzishwa Yogyakarta mwaka 1949, na shule nyingine nyingi zikafuata. Nyumba zikaenea kusini, na shamba baada ya shamba likageuka kiwanja. Vijana wanapanda pikipiki asubuhi kwenda kutafuta kazi mjini. Jembe wanawaachia wazee.

Waliobaki shambani walikuwa na shida nyingine. Serikali iliwahimiza kupanda mpunga wa mbegu mpya, wenye kuhitaji mbolea ya dukani na dawa za kuua wadudu. Mavuno yaliongezeka kweli. Lakini mkulima alizidi kutegemea duka, na dawa ziliua hata wadudu wenye kumsaidia. Mwaka 1986 serikali yenyewe ilikataza dawa 57 zisitumiwe tena katika mpunga.

Mwaka 1990, siku za sikukuu ya chakula duniani, wakulima na mapadri walikutana Ganjuran kwa wito wa Padri Gregorius Utomo, paroko wa pale. Walitoa tangazo: kilimo kisiharibu uumbaji wa Mungu, gharama yake iwe ya kadiri ya maskini, kifuate desturi njema za wenyeji, na kiwe cha haki kwa wote. Ni neno lile lile la Papa Leo XIII, ila mara hii halikutoka kwa bwana wa kiwanda. Limetoka kwa wenye jembe.

Tarehe 27 Mei 2006, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nchi ilitetemeka. Watu zaidi ya 5,700 walikufa, na wilaya ya Bantul, iliyo na Ganjuran ndani yake, iliumia kupita zote. Kanisa la mwaka 1924 likabomoka. Hapakuwa na tajiri wa sukari wa kulijenga tena. Lakini mwaka 2009 kanisa jipya lilibarikiwa: paa pana la Kijava juu ya nguzo za mbao, pande zake wazi, upepo wa mashamba ukipita kati ya wenye kusali.

Hiyo ndiyo habari ya Ganjuran. Sisi nasi tunazo parokia ambazo zamani zilikuwa porini, na leo mji umezifikia mlangoni, kule Lubumbashi na kule Bukavu. Nasi tulipokea neema ya kumsifu Mungu kwa namna yetu, pale Roma ilipokubali Misa ya desturi ya Zaire mwaka 1988. Ngoma zetu zimeingia kanisani, ni vema. Lakini Ganjuran inatuuliza zaidi: je, mshahara wa haki umeingia pia? Na kile kiwanja kinachouzwa leo kando ya parokia, nani ameulizwa?

Moyo Mtakatifu wa Yezu, utufundishe kujenga kile ambacho moto hautakiteketeza.