Mwanao Hana Uwezo

Ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi katika shule moja ya sekondari ya kata hapa Tabora. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akimweleza mama mmoja wa Mtendeni, kwa upole kabisa, kwamba uwezo wa binti yake ni mdogo. Mama akajifunga khanga upya, akajibu: "Ni kweli, Mwalimu, uwezo wetu mdogo. Lakini ule mchango wa chakula nitaumaliza mwezi huu." Mwalimu alikuwa akizungumzia sarufi, mama akasikia habari za pesa. Sisi tuliokaa nyuma tulicheka. Tangu siku hiyo kila ninapolikuta neno "uwezo" katika vitabu vya ualimu namkumbuka yeye.

Vitabu hivyo husema "darasa la uwezo mchanganyiko", au "wanafunzi wenye uwezo tofauti". Ni tafsiri ya istilahi iliyokulia Uingereza, tena katikati ya ugomvi. Baada ya sheria yao ya elimu ya 1944, watoto wa miaka 11 walipimwa kwa mtihani na kugawanywa katika shule za aina mbalimbali. Ndani ya shule nyingi wakagawanywa tena, wepesi huku na wazito kule, kila kundi likabaki na darasa lake. Mgawanyo huo Waingereza waliuita kwa jina la kijito, nasi tukaupokea kama mkondo. Katika miaka ya 1960 na 1970 walimu waliochoka kuchuja watoto walitaka wote wakae chumba kimoja, na jambo lao likahitaji jina. Kwao, kusema "uwezo mchanganyiko" kulikuwa kushika bango.

Maneno yote mawili yakasafiri hadi kwetu, ugomvi ukabaki kwao. Mkondo wa huku mara nyingi hauchuji mtu. Ukisikia shule ina mikondo mitatu, umeambiwa hesabu ya vyumba tu, Kidato cha Kwanza A, B na C, na majina yamegawanywa ili madawati yatoshe. Basi karibu kila darasa letu ni la mchanganyiko bila mtu yeyote kuamua liwe hivyo. Kisichoamuliwa na mtu hakiandaliwi pia, na hapo ndipo mwalimu anapoachiwa mzigo.

Tazama waliomo. Yupo aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, mzazi akalipa ada miaka saba. Yupo mtoto wa mjini, wa Mtendeni au Gongoni, ambaye Kiswahili ndicho cha nyumbani na sokoni, na Kiingereza kilikuwa kipindi kimoja kati ya vingi. Yupo aliyetoka vijiji vya Uyui, nyumbani ni Kinyamwezi, Kiswahili alikikuta shuleni, na Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Wakiingia sekondari wote watatu wanafunguliwa kitabu kilekile cha baiolojia, kwa Kiingereza.

Kwa hiyo yule mama hakukosea sana. Kiswahili humwita tajiri "mwenye uwezo", na Kiingereza cha yule mtoto wa kwanza kilinunuliwa. Neno limetoboa siri ambayo mtafsiri hakuikusudia. Hata hivyo silitaki darasani. Ukisema mtoto hana uwezo umeshafunga mlango, kwani asiyeweza hawezi. Na huyu anayeongea Kinyamwezi na bibi yake, akamgeukia muuza duka kwa Kiswahili bila kusita, utasemaje hana uwezo wa lugha? Alichokosa ni miaka ya kukisikia Kiingereza. Huo ni upungufu wa kiwango, na kiwango hupanda.

Mji huu unajua habari hiyo ya viwango kuliko miji mingi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe, yaani hapa, na Bagamoyo pwani katika karne ya 19 walijiokotea Kiswahili njiani, huyu maneno kumi, huyu mazungumzo kamili, wote katika msafara mmoja. Na Julius Nyerere, alipokuwa mwalimu wa shule ya St. Mary's hapa Tabora katika miaka ya 1940, baada ya saa za kazi alifundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Sidhani kama alianza kwa kuwachuja.

Badala ya "uwezo" basi tuna "kiwango". Neno gani lichukue nafasi ya "mchanganyiko"? Mchanganyiko ni kutia pamoja tu, hata kokoto na mchanga huchanganywa. Mimi nachagua mseto. Tayari lina kazi, kwani tuna serikali ya mseto na kilimo mseto, lakini kwanza ni chakula. Apikaye mseto hamimini choroko na mchele kwa mpigo mmoja. Choroko hutangulia jikoni, zikianza kulainika ndipo mchele unafuata. Chungu ni kimoja, muda ni tofauti, na kwenye sahani hakuna kilichobaki kigumu. Sijaona maelezo bora kuliko hayo ya kazi ya mwalimu mwenye watoto 60 wa viwango vitatu.

Chukua somo la ufugaji wa nyuki, maana asali tunayo. Habari ni moja, aya tatu za Kiingereza, mwalimu anaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Wanaoanza wanapewa mchoro wa mzinga, moshi na masega, wanatafuta majina yake ndani ya habari. Wa kati wanapanga upya sentensi zilizovurugwa. Walio mbele wanamwandikia mnunuzi wa asali barua. Mwisho mwenye barua anaisoma, na mwenye mchoro anaielewa, kwa sababu maneno ya moshi na mzinga ameshayashika.

Wapo watakaosema "mseto" limeshachukuliwa na watu wa ujifunzaji mseto, ule wa nusu darasani na nusu mtandaoni. Kweli, ndiyo maana siishii "darasa mseto". Nasema darasa la viwango mseto, refu kidogo lakini halidanganyi. Neno "umahiri" nalo lingefaa badala ya "kiwango", kama mitaala yetu isingelikabidhi kazi nyingine. Pingamizi zito zaidi ni la Baraza la Mitihani: karatasi ya Kidato cha Pili ni moja kwa wote, haijui choroko wala mchele. Kwa hilo istilahi haina dawa.

Lakini mrudie yule mama. Laiti angeambiwa, "Mama, binti yako kiwango chake cha Kiingereza bado kiko chini," asingegusa habari za mchango. Angeuliza, "Sasa afanyeje, Mwalimu?" Na mwalimu angelazimika kuwa na jibu.