Klematisi: Ua Linalohitaji Subira na Mkasi wa Wakati

Klematisi ni jina la kundi la mimea, mingi yao ikiwa ni ya kutambaa na kupanda, yenye spishi zipatazo 300. Nyingi huota katika nchi zenye majira ya baridi, ingawa Clematis simensis, yenye maua meupe, huota mwituni katika misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Katika bustani za Ulaya, mojawapo ya aina mashuhuri ni Jackmanii yenye maua ya zambarau, iliyotokana na uchavushaji uliofanywa mwaka 1858 katika kitalu cha familia ya Jackman mjini Woking, kusini mwa Uingereza.

Makosa mawili huwanyima watunza bustani maua yake: kupogoa wakati usiofaa, na kung'oa mmea unaodhaniwa kuwa umekufa.

Upandaji

Klematisi hupenda jua kwa matawi yake na ubaridi kwa mizizi yake. Udongo uchanganywe na mboji na usituamishe maji. Shina lifunikwe matandazo au kivuli cha mimea mifupi. Aina zenye maua makubwa hupandwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 8 zaidi ya ilivyokuwa chunguni, ili machipukizi yabaki salama chini ya udongo. Mmea hujishikiza kwa kuzungusha vikonyo vya majani, hivyo huhitaji waya au fito nyembamba. Nguzo nene hauwezi kuikumbatia.

Kupogoa

Kanuni hutegemea wakati wa kuchanua, na miezi itajwayo hapa ni ya Ulaya ya kaskazini. Aina zinazochanua mapema, kama Clematis montana, hutoa maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Zikihitaji kupunguzwa, hupogolewa mara tu baada ya maua kuisha. Atakayezikata mwezi Februari atakuwa amekata maua ya mwaka mzima. Aina za maua makubwa zinazochanua Mei na Juni hupunguzwa kidogo mwishoni mwa majira ya baridi, kwa kuondoa matawi makavu na dhaifu. Zinazochanua kuanzia katikati ya kiangazi, Jackmanii ikiwemo, huchanua kwenye matawi mapya. Hizo hukatwa Februari au Machi hadi kimo cha sentimita 30 hivi, juu ya machipukizi yenye afya.

Mnyauko

Aina za maua makubwa hushambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaofanya tawi lililokuwa na afya kunyauka ghafla na kuwa jeusi. Tawi hilo likatwe hadi kwenye sehemu isiyoathirika, hata kama ni usawa wa ardhi, na mabaki yaondolewe bustanini. Mmea using'olewe upesi, kwani mara nyingi huchipua tena kutoka chini ya udongo. Hapo ndipo faida ya kupanda kwa kina huonekana. Clematis viticella na aina zitokanazo nayo hustahimili zaidi ugonjwa huo.

Tahadhari

Utomvu wa klematisi huwasha ngozi, na mmea wenyewe ni sumu ukiliwa. Inashauriwa kuvaa glavu wakati wa kupogoa, na kutoacha vipande vilivyokatwa mahali wanapocheza watoto au wanapopita wanyama wa nyumbani.