Mzee wa Nyumba

Katika Japani ya enzi ya Tokugawa, hadhi ya samurai ilipimwa kwa mchele. Kipimo kiliitwa koku, takriban lita 180, na ilikadiriwa kuwa koku moja inamtosha mtu mzima mwaka mzima. Asano Naganori, bwana wa Ako, alikuwa na koku zipatazo 50,000. Oishi Kuranosuke, mkuu wa watumishi wake, alipata 1,500. Cheo chake kilikuwa karo, yaani mzee wa nyumba.

Uzee huo haukuwa wa mvi. Oishi aliurithi ujanani kutoka kwa babu yake. Lakini ulikuwa na kazi. Sheria iliwataka mabwana wakae kwa zamu Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Bwana akiondoka, ngome na hazina zilibaki mikononi mwa makaro. Inasimuliwa kwamba wakati wa amani watu walimwita Oishi taa ya mchana: inawaka, lakini nani anaihitaji?

Giza liliingia mwaka 1701. Asano alichomoa silaha ndani ya kasri la shogun, akamjeruhi Kira Yoshinaka, na siku hiyohiyo akaamriwa kujiua. Eneo lake likatwaliwa. Mamia ya samurai wakabaki bila bwana wala mchele.

Ilibaki hazina ya kugawana. Masimulizi yanasema karo mwenzake, Ono Kurobei, alitaka kila mtu apewe kwa kadiri ya cheo chake. Oishi alitaka wa chini waongezewe. Ono alitoroka kabla ngome haijakabidhiwa. Oishi alibaki akaikabidhi.

Dunia inamkumbuka kwa usiku wa Januari 1703, alipowaongoza wenzake kumuua Kira, kisha nao wakaamriwa kujiua. Mimi huvutiwa zaidi na ule mgawo. Kwa Ono, cheo kilikuwa haki ya kudai. Kwa Oishi, deni la kulipa. Tena tazama waliomfuata usiku ule: wengi walikuwa watu wa mapato madogo, na mmoja wao, Terasaka Kichiemon, alikuwa askari wa miguu tu. Karo alikuwa mmoja, Oishi mwenyewe.

Huko Ako, lango la nyumba yake limesimama hadi leo. Mchele uliompa ukubwa uliisha mwaka uleule wa 1701. Watu walimfuata baada ya hapo.