Ziwa Kivu: namna ya kuanza kuvua kwa ndoana

Kutoka Bukavu mpaka Goma, kupitia Kalehe na kisiwa cha Idjwi, kuko wakaaji wengi wanaotafuta mboga ya nyumbani kwa mwanzi, uzi na ndoana. Kazi hii haiombi mtumbwi wala taa, na vifaa vyake si vya bei kali. Lakini anayeanza bila kujua ziwa anaweza kurudi mikono mitupu, ao kupoteza maisha. Haya ndiyo mambo ya kujua mbele ya kutupa uzi.

Samaki wanakaa wapi?

Ziwa Kivu lina kina kikubwa: mahali pengine linafika metre 485. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki. Chini ya metre kama 60 hakuna oksijeni, na maji ya kilindi yamejaa gazi mbili: methane na gazi kaboni. Kwa hiyo samaki wote wanaishi katika maji ya juu.

Sambaza, aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anavuliwa katikati ya ziwa, usiku, kwa taa na nyavu. Si samaki wa mtu wa ndoana. Anayeanza atafute tilapia na kambale karibu na ukingo. Tilapia anapenda pembe tulivu zenye majani, penye maji ya metre 1 mpaka 3. Kambale anakaa chini, kwenye matope na mlango wa mito midogo, na anatembea zaidi giza linapoingia.

Vifaa

Mwanzi mkavu wa metre 3 ao 4 unatosha. Uzi uwe wa nailoni, mwembamba, wenye unene wa milimetre 0,25 hivi, na urefu wake uwe sawa na wa mwanzi. Kwa ndoana, namba 8 mpaka 12 zinafaa kwa tilapia. Watu wengi wanachanganyikiwa hapa: namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo.

Kwa kufunga ndoana, pitisha uzi katika tundu lake, uuzungushe mara 5 ao 6 juu ya uzi wenyewe, kisha rudisha ncha katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Lowanisha fundo kwa mate mbele ya kukaza, kwa sababu uzi mkavu unapata moto na kukatika. Juu ya ndoana, kwa umbali wa shibiri moja, weka kipande kidogo cha risasi. Kisha funga kipande cha tete kavu kinachoelea juu ya maji. Hicho ndicho kinaonyesha samaki anapogusa.

Chambo cha tilapia ni bukari iliyofinyangwa sawa punje ya haragi. Kambale anapenda minyoo ya udongo. Kielea kikicheza kidogo, usivute. Ngoja kizame ao kianze kutembea, kisha inua mwanzi kwa mkono mwepesi. Wanaoanza wanapoteza samaki wengi kwa kuvuta mapema.

Asubuhi: saa nzuri, lakini angalia mazuku

Samaki wanakula vizuri asubuhi na jioni. Lakini upande wa kaskazini wa ziwa, kati ya Goma na Sake, kuko hatari ambayo macho hayaoni. Gazi kaboni inatoka udongoni na kulala katika mashimo na mabonde, maana ni nzito kuliko hewa. Wakaaji wanaiita mazuku. Inakusanyika zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo hauvumi na jua halijapanda. Imekwisha kuua watu na wanyama.

Huko, usiende kuvua alfajiri. Ngoja jua lipande, na uulize wenyeji ni mashimo gani wanayakimbia. Ukiona ndege, panya ao wadudu wengi wamekufa mahali pamoja, rudi juu mara moja. Usilale ukingoni na usikae katika shimo. Mtu akianguka ndani, usishuke kumchukua: waokoaji wengi wanakufa hivyo. Ita watu na umvute kwa kamba ukiwa umebaki juu.

Kwa mwanzo, vulia kwenye nchi kavu. Upepo wa ziwa unaweza kubadilika haraka, na mtumbwi mdogo unajaa maji. Siku utakapopanda mtumbwi, vaa jile ya kuokoa. Kumbuka pia kwamba mpaka wa Congo na Rwanda unapita ndani ya maji, na anayeuvuka anaweza kukamatwa.

Kwa nini ndoana, si chandarua?

Tilapia dume anachimba kiota chini, karibu na ukingo. Jike anataga mayai, kisha anayabeba mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Wakati huo hali chakula, ao anakula kidogo sana. Ndiyo maana ni nadra ashike ndoana. Lakini chandarua cha mbu kikikokotwa ukingoni kinabeba wote: mama, mayai na watoto wa samaki wasioshibisha hata mtu mmoja. Baada ya hapo, hata mwenye ndoana anakaa siku nzima bila kitu.

Ukipata tilapia mfupi kuliko kiganja, umrudishe. Lowanisha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute unaolinda ngozi yake. Ukiona viota, yaani miduara safi kwenye mchanga, sogea mahali pengine. Na mbele ya kuanza, pita kwenye ofisi ya uvuvi ya teritware ao ya komini: huko utajua karatasi gani inaombwa na sehemu gani zimefungwa.

Mwenye kuhamia ziwa lingine ajifunze upya. Kwenye Tanganyika kuko mamba na viboko, na kwenye Ziwa Edward viboko ni wengi na uvuvi uko ndani ya hifadhi ya Virunga. Huko, kusimama peke yako ukingoni magharibi si jambo la kujaribu.