Asili ya Neno "Sugar"

Neno "sugar" la Kiingereza lina ukoo mmoja na neno sukari la Kiswahili, na chimbuko la yote mawili ni Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, ambamo śarkarā lilimaanisha changarawe, kisha likatumiwa kutaja sukari kwa sababu ya punjepunje zake. Kutoka huko lilipita Uajemi likiwa shakar, Waarabu wakalitamka sukkar, nao walipopeleka kilimo cha miwa Sisilia na Hispania, neno likafuatana na zao. Ndiyo maana Wahispania husema azúcar, ambamo herufi "a" ya mwanzo ni mabaki ya al, yaani kibainishi cha Kiarabu kinachotangulia nomino. Kilatini cha Zama za Kati kililiandika succarum, Kifaransa cha kale kikalipokea, na kwa njia hiyo likaingia katika Kiingereza mnamo karne ya 13. Kiswahili hakikuhitaji mzunguko huo, kwa kuwa kililichukua kutoka Kiarabu. Kwa hiyo sukari si utohozi, yaani ukopaji wa neno kwa kurekebisha matamshi yake, kutoka Kiingereza; maneno haya mawili ni ndugu, wala si mzazi na mtoto.