Ngozi ya Nani, Kalamu ya Nani? Historia Iliyomo katika Masharti ya Jarida la Tiba ya Ngozi

Kila jarida la kisayansi la magonjwa ya ngozi lina ukurasa mmoja ambao karibu hakuna anayeusoma kwa raha. Ni ukurasa wa masharti kwa waandishi. Humo mwandishi hupangiwa idadi ya maneno na mpangilio wa makala: muhtasari, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Hutakiwa pia aambatishe kibali cha kamati ya maadili, ridhaa ya mgonjwa aliyepigwa picha, tamko la mgongano wa maslahi na maelezo ya mchango wa kila mwandishi. Mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha makala yake ya kwanza huujaza kama ajazavyo mtu fomu za kodi: shingo upande, akitamani shughuli iishe.

Sisi tunaofundisha historia tuna namna nyingine ya kuusoma ukurasa huo. Kila sharti lina mwaka wake wa kuzaliwa, na mengi yalizaliwa baada ya mtu fulani kuumizwa au umma kudanganywa. Anayelitimiza sharti bila kujua kisa chake anaweza kuishika herufi yake na kuikanyaga roho yake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo naomba, msomaji wangu, tuusome ukurasa huo pamoja, kisha tujiulize ni jambo gani bado halijaandikwa ndani yake.

Tuanzie Paris. Hospitali ya Saint-Louis iliasisiwa mwaka 1607 kwa ajili ya wagonjwa wa tauni, na mwaka 1801 ikatengwa kwa maradhi ya ngozi. Daktari wake mmoja, Alphée Cazenave, alianzisha mwaka 1843 jarida linalohesabiwa kuwa la kwanza kushughulikia ngozi peke yake. Mwaka 1869 Heinrich Auspitz na Filipp Josef Pick wakaanzisha lao kwa Kijerumani, Archiv für Dermatologie und Syphilis, na mwaka 1888 likazaliwa British Journal of Dermatology, ambalo linachapishwa hadi leo.

Madaktari wa ngozi walihitaji majarida kwa sababu iliyo wazi. Ugonjwa wa ngozi huonekana kwa macho, na macho ya watu hayafanani. Ugonjwa mmoja uliweza kuwa na majina matatu katika miji mitatu, na magonjwa matatu kuitwa kwa jina moja. Dawa ya vurugu hiyo ilikuwa maandishi yenye nidhamu: rangi ya upele, umbo lake, mahali ulipoanzia, namna ulivyoenea, na hatima ya mgonjwa. Hapo ndipo lilipotoka lile sharti la kumweleza mgonjwa kwa mpangilio usiobadilika, ili daktari aliye mbali, asiyemjua mwandishi, aweze kusema: hata mimi nimemwona mtu wa namna hii.

Tazama nguvu ya nidhamu hiyo. Mwaka 1872 Moriz Kaposi wa Vienna alichapisha katika Archiv maelezo ya wagonjwa watano, wote wanaume, waliokuwa na uvimbe mwingi wenye rangi nzito kwenye ngozi. Wagonjwa watano tu! Leo mhakiki angeweza kuguna kwamba idadi ni ndogo. Lakini maelezo yalikuwa safi kiasi kwamba ugonjwa huo, uliokuja kuitwa sarkoma ya Kaposi, ulitambulika popote ulipotokea. Karne moja baadaye ilikwisha dhihirika kwamba katika Afrika ya kati na mashariki haukuwa ugonjwa adimu kama Ulaya, na mwezi Mei 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili. Mwaka 1981 daktari wa ngozi Alvin Friedman-Kien na wenzake walipoona sarkoma hiyo kwa vijana wa New York, walijua kwamba jambo halikuwa la kawaida, kwa sababu maandishi ya zamani yalionyesha ulikuwa ugonjwa wa wazee. Taarifa yao ni miongoni mwa zile zilizoufungulia ulimwengu mlango wa kuujua UKIMWI. Huko Lusaka, daktari wa upasuaji Anne Bayley aliona kwamba sarkoma aliyoizoea imebadilika na kuwa kali. Akaandika, na jarida la The Lancet likachapisha mwaka 1984. Kirusi kinachosababisha sarkoma hiyo kilitangazwa mwaka 1994, miaka 122 baada ya makala ya Vienna.

Hiyo ndiyo sura njema ya historia hii. Sura ya pili inatupeleka Philadelphia, Marekani, katika gereza la Holmesburg.

Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alifanya majaribio kwa wafungwa na mahabusu wa gereza hilo. Wengi wao walikuwa Weusi, na wengi walikuwa hawajahukumiwa. Walikaa ndani kwa kukosa fedha za dhamana. Walilipwa dola chache, nao wakajaribiwa vipodozi, dawa, kemikali za jeshi, na katika miaka ya 1960 dioksini kwa niaba ya kampuni ya Dow Chemical. Retin-A, dawa ya chunusi inayouzwa hadi leo, ilipitia katika ngozi zao. Wengi walitoka na makovu ya mraba migongoni, mahali palipobandikwa viraka vya majaribio.

Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba haya hayakufanyika gizani. Yaliandikwa. Makala ziliandaliwa, zikawasilishwa kwa majarida yenye heshima, zikahaririwa na kuchapishwa, na wasomaji wakajifunza kutoka kwazo. Sehemu ya mbinu ilitaja watu waliojitolea gerezani, na mhariri akaendelea na ukurasa uliofuata. Hakuna aliyeuliza kujitolea kuna maana gani kwa mtu asiye na senti ya kujikomboa. Kitabu cha Allen Hornblum cha mwaka 1998 ndicho kilichoifikisha habari hiyo kwa umma mpana. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022, wakati wengi wa waliofanyiwa majaribio walikuwa wamekwisha kufariki.

Aliyewageuzia wahariri kioo ni Henry Beecher, profesa wa Harvard. Mwaka 1966 alichapisha katika New England Journal of Medicine mifano 22 ya tafiti zilizowahatarisha watu bila ridhaa ya kweli. Hakuwa amepekua kabati za siri, kwani alizikusanya kutoka katika kazi za watafiti wa taasisi mashuhuri. Jarida la kwanza alilolipelekea muswada wake lilikuwa limeukataa. Beecher alishikilia kwamba matokeo yaliyopatikana kwa njia chafu hayafai kuchapishwa hata kama ni ya kweli. Mwaka 1975, Chama cha Madaktari Duniani kilipokutana Tokyo kulifanyia marekebisho Azimio la Helsinki la mwaka 1964, kiliweka msingi wa utafiti kupitiwa na kamati huru, na kikasema kwamba ripoti za majaribio yanayokiuka azimio hilo zisikubaliwe kuchapishwa. Kuanzia hapo mhariri alihesabiwa kuwa mlinzi wa mlango. Namba ya kibali cha maadili unayoiandika kwa mkato katika sehemu ya mbinu ina wafungwa wa Holmesburg nyuma yake.

Sharti la picha nalo lina kisa. Mwaka 1974, katika taasisi ya Sloan-Kettering mjini New York, William Summerlin, aliyesomea tiba ya ngozi, alidai kwamba ameweza kupandikiza ngozi kutoka mnyama mmoja hadi mwingine bila mwili kuikataa. Kuthibitisha hayo alionyesha panya weupe wenye viraka vyeusi. Msaidizi wa maabara akafuta kiraka kimoja kwa alkoholi, na weusi ukatoka: ulikuwa wino wa kalamu. Siku hizi jarida linapokutaka utunze picha halisi kama ilivyotoka kwenye kamera, bila kuongeza wala kupunguza kitu, linamkumbuka panya yule.

Kuhusu majina ya waandishi, mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, kuwapunguzia waandishi adha ya kuandika upya makala kwa mtindo wa kila jarida. Mkutano huo mdogo ulizaa kamati ya kimataifa ambayo masharti yake sasa yanatawala karibu ulimwengu mzima wa tiba. Kamati hiyo inataka kila mwenye jina kwenye makala awe amechangia kwa uzito katika kazi, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yu tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Mkuu wa idara aliyetia saini ombi la mafuta ya gari hatimizi hata moja. Hata hivyo, katika vyuo ambamo kupanda cheo kunategemea idadi ya makala, jina lake huonekana, wakati mwingine la kwanza, na la muuguzi aliyekusanya taarifa kwa miezi minane halionekani kabisa.

Sasa nije kwenye lile ambalo ukurasa wa masharti haujalijibu vya kutosha. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick wa Harvard alibuni vipimo vya ngozi kwa kuangalia namna inavyoungua au kubadilika rangi juani, ili kukadiria kiasi cha mionzi ya tiba. Vipimo vilikuwa vinne, na vilitungwa kwa watu weupe. Ngozi ya kahawia na ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye kama aina ya tano na ya sita. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya wanadamu iliingia kwenye jedwali kama nyongeza. Vitabu vya kufundishia vilifuata mwendo huo huo: watafiti wa Marekani na Ulaya waliohesabu picha zake wamekuta ngozi nyeusi ni chache. Matokeo yake si ya nadharia. Kinachoitwa wekundu katika vitabu, juu ya ngozi nyeusi huweza kuonekana zambarau, kahawia au weusi uliokolea. Daktari aliyefundishwa kwa picha za weupe pekee anaweza kuupita ugonjwa ulio mbele ya macho yake.

Nani atazijaza kurasa hizo? Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano na International Foundation for Dermatology. Kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na hapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua na saratani ya ngozi. Ujuzi upo. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi wa namna hiyo nchini mwetu hubaki kwenye madaftari ya zahanati na vichwani mwa waganga wanaostaafu. Kisichoandikwa hakisafiri, na sera haitungwi juu ya kisichosafiri.

Kuna pia kizuizi cha fedha, na hapa nazungumza na watumishi wa serikali. Majarida mengi yanayosomwa bure humtoza mwandishi ada ya kuchapisha. Wachapishaji wengi huwasamehe ada yote waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, na huwapunguzia kwa sehemu tu wale wa kipato cha kati cha chini. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kwenye kundi la pili, kama Kenya ilivyopanda miaka kadhaa kabla. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mtafiti wa Mwanza, ambaye mshahara wake haukupanda siku ile, anaweza kujikuta anadaiwa kilichokuwa kikisamehewa. Bajeti za utafiti zinapaswa kuwa na fungu la kuchapisha, na watunga sera hawapaswi kungoja mfadhili awaambie hivyo.

Na wanaharakati wana kazi yao. Mgonjwa wa ngozi hupigwa picha kuliko wengine wote. Picha inayopigwa kwa simu ili kuomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp la madaktari inaweza kesho kuwa kielelezo cha makala. Kamati ile iliyoanzia Vancouver inaonya kwamba kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi kumficha mtu. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa mbele ya mama asiyekisoma lugha hiyo, ambaye mtoto wake mwenye ualbino amelala kitandani akingoja matibabu, ina undugu na sahihi zilizowekwa Holmesburg, hata kama namba ya kibali ni halali na muhuri ni wa bluu. Kiswahili kinatosha kabisa kumweleza mama huyo picha itakwenda wapi, nani ataiona, na kwamba akikataa mtoto wake atatibiwa vile vile. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wafungwa wa Philadelphia hawakuwahi kuwa na hakika nayo.

Kwa wanafunzi wangu nina agizo moja. Mkifika kwenye ule ukurasa wa masharti, kabla ya kutia alama ya vema kwenye kisanduku cha ridhaa, mtafuteni mgonjwa wenu mmuulize kwa lugha yake kama anakumbuka alikubali nini. Asipokumbuka, makala haijawa tayari kuwasilishwa.