Mgodi Ulifungwa, Maji Yakaendelea

Muhula wa mwisho kabla karo inishinde nitoke chuo, mhadhiri wetu alituonyesha picha ya mto wa rangi ya chungwa. Tukadhani ni filta ya simu. Kumbe ni Mto Animas, Colorado, Marekani, Agosti 2015. Watu wa shirika la serikali la mazingira walikuwa wakichimbua mlango wa Gold King, mgodi wa dhahabu ulioachwa tangu miaka ya 1920. Kifusi kikaachia, na zaidi ya lita milioni 11 za maji machafu zikateremka mtoni. Wakulima wa Kinavajo huko chini wakafungiwa maji ya mashamba.

Digrii sikuipata, ila swali nililibeba: mwenye mgodi akienda zake, nani hubaki na maji?

Mwamba wenye madini mara nyingi una pairiti, yaani chuma na salfa pamoja. Ukiachwa ndani ya mlima, haina neno. Ukichimbwa, hewa na maji vikaufikia, unazaa asidi, na hiyo asidi inayeyusha zinki, shaba, risasi na kadimiamu. Kampuni inaweza kufunga ofisi leo. Asidi haina habari.

Dawa iliyozoeleka ni kiwanda: chokaa, pampu, umeme, watu wa zamu. Sasa jaribu kukijenga Standard Mine, mgodi mwingine ulioachwa Colorado, mita kama 3,350 juu ya bahari. Hiyo ni juu kidogo ya kambi ya Old Moses, Mlima Kenya, lakini na theluji inayofunga barabara miezi mingi. Na si mahali pa kusahau: maji yake huingia Elk Creek, kisha Coal Creek, ambako mji wa Crested Butte huchota maji ya kunywa.

Jibu lilianzia kwenye matope. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watafiti wa Ohio na West Virginia waliona kitu cha ajabu: maji ya migodi ya makaa ya mawe yakipita kwenye kinamasi cha asili, yanatoka afadhali. Wengine wakaanza kujenga vinamasi vyao. Kule Idaho Springs, Colorado, watu wa Colorado School of Mines walijaribu kwenye maji ya handaki la Big Five, wakagundua kwamba sifa tulizoipa mimea zilikuwa za bakteria wa kwenye tope, pasipo hewa.

Basi mwaka 2007, Standard Mine ikapata mtambo wa majaribio: shimo lililojazwa majani makavu, vipande vya mbao, mawe ya chokaa na samadi ya ng'ombe. Ndiyo, samadi. Maji yanashuka yenyewe kwa mteremko. Bakteria wanakula majani na samadi, na badala ya oksijeni wanatumia salfeti iliyo majini, wakitoa salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Salfaidi inazishika zinki na kadimiamu, zinaganda na kubaki humo ndani.

Napenda sana hadithi hii, ndiyo maana sitaki kukudanganya. Baridi huwapunguza kasi bakteria. Manganisi ni mkaidi, inataka hatua nyingine yenye hewa. Chakula cha bakteria huisha baada ya miaka, na lile tope lililojaa metali lazima mtu alitoe, alipeleke mahali salama, ajaze upya.

Wahandisi husema mfumo huu unajiendesha. Unajiendesha, sawa, kati ya ziara moja na nyingine. Mtu bado hupanda, hupima maji, hushuka na kuandika ripoti, na mshahara wake hulipwa na watu ambao hawajawahi kuiona hata gramu ya fedha iliyotoka pale.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia mgodi mpya unafunguliwa popote, siulizi tani ngapi zitatoka. Nauliza nani atabeba samadi.